Tairi Lenye Nywele

Sehemu ya saba

Juma lililopita niliwaacha kibarazani kwa baba mkwe, mimi nimeshika funguo za pikipiki ya shemeji yangu, naye mzee ananiambia, "Pikipiki hii haipandwi na mtu kabla haijabadilishwa matairi. Na kesho tunakwenda kuyachagua wote wawili."

Nilijibu, "Sawa, baba," na usingizi ukaniaga palepale.

Aliyeingia leo nimfupishie mabaya yangu. Kwa miaka tisa nilikula kwa kuchonga matairi. Tairi lililoisha likabaki na upara naliosha, napasha kisu moto, nalichonga mifereji mipya, kisha nalipaka dawa ya viatu mpaka ling'ae. Hapo linauzwa kama jipya. Mnunuzi akilishika anaona meno. Haoni kwamba chini ya meno mpira umebaki mwembamba kama ganda la kitunguu.

Wachongaji tulikuwa wengi, lakini wenzangu waliniita Kinyozi kwa sababu moja. Tairi jipya hutoka kiwandani na vinywele vya mpira, na mnunuzi mjanja hutafuta vinywele hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilijua kuvipandikiza, kimoja kimoja, kwa tone la gundi. Vinyozi wa dunia nzima hunyoa. Mimi peke yangu niliotesha.

Nyumbani walijua naziba pancha.

Kisha shemeji, kaka yake mke wangu, akapasukiwa na tairi la nyuma akiwa barabarani. Alianguka mbele ya lori. Mguu wake wa kulia sasa unaishia chini ya goti. Siku ileile nilikitumbukiza kisu changu chooni nikatafuta kazi nyingine, na leo ni mtunza stoo kwa dobi mkubwa, natunza mashuka na taulo za watu.

Tairi lile lilikuwa la kuchongwa. Aliyegundua ni baba mkwe, ambaye ni seremala wa miaka arobaini. Alilikata kipande, akakigeuza juani, akasema, "Kila patasi ina mkono wake, na kila kisu vilevile. Nitampata mwenye mkono huu." Akakifunga kipande kwenye gunia, akakitundika kwenye msumari ndani ya karakana yake.

Miezi minane nimepita chini ya gunia lile nikienda kumsalimu. Sijawahi kulifungua. Nilifungue nitazame nini, na mimi nilikuwa najua? Shemeji alinunua tairi mjini, na mjini matairi ya namna ile yalipita mikononi mwangu. Nilijihukumu bila kesi, nikajificha bila askari kunitafuta.

Na sasa pikipiki ile imenyooshwa fremu, na shemeji mwenyewe ndiye aliyesema nipewe mimi. "Chukua, shemeji," aliniambia akicheka. "Umpeleke dada yangu kazini. Mimi siku hizi natembea kwa miguu mitatu." Mke wangu anafundisha chekechea, na kutoka kwetu mpaka huko ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Alipozisikia habari za pikipiki alipiga vigelegele.

Baba mkwe hakupiga. Alinitazama akasema, "Mtoto mmoja nimeipa lami. Wa pili siipi."

Basi asubuhi yake tukaenda, pikipiki tumeipakia kwenye mkokoteni wa kukodi.

*

Mzee alikuwa amevaa koti lake la mazishi. Mkononi alishika futi ya seremala na karatasi aliyoandika vipimo kutoka kwenye matairi ya zamani: la mbele mbili na robo tatu kwa kumi na nane, la nyuma tatu kwa kumi na nane.

"Wewe umeziba pancha miaka mingi," aliniambia tukiwa njiani. "Leo ndiyo utanifaa."

"Pancha na kuchagua ni mambo mawili, baba."

"Acha unyenyekevu wa uongo. Siri ya mtungi aijuaye kata."

Mzee anapenda methali, na siku ile kila aliyoitoa ilikuja kunikalia shingoni.

Nilitaka twende kwa wauzaji wa pembeni ya soko, ambako hanijui mtu. Alikataa. Alitaka duka lenye vioo na risiti. "Mwanangu alinunua lake chini, kwenye turubai," alisema. "Mimi nataka mtu mwenye anwani, nikirudi nimkute."

Duka lilikuwa jipya. Sakafu ya vigae, matairi yamepangwa kwa ukubwa ukutani, na harufu ile ya mpira ambayo nilikuwa nimeikimbia miezi minane. Nikashusha pumzi. Niliona watu wa hadhi, nikajiambia hapa tutanunua vitu halali tuondoke.

Mwenye duka akatoka nyuma ya kaunta, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alimpa mzee mkono. Kisha akanigeukia mimi, nikamtambua.

Alikuwa ni yuleyule aliyekuwa akichukua mzigo wangu. Kwa miaka minne alikuja kila Jumatatu na mkokoteni, akapakia matairi yangu ya kuchonga, akayafunika turubai. Kumbe turubai limezaa vigae.

"Karibuni, wazee wangu," alisema. Macho yake yalinikaa usoni kidogo tu. "Karibu na wewe, bwana."

"Ahsante," nikasema.

Mzee akaeleza haja yake pole pole, kama anayeagiza mlango. Pikipiki ya zamani, rimu za spoku, kwa hiyo matairi yanayokula tyubu. Itapita lami zaidi kuliko vumbi. Itabeba watu wawili kila siku, na mmoja wao ni binti yake.

"Kwa lami usichukue haya yenye meno makubwa ya matope," mwenye duka alisema. "Yatakutetemesha na kwenye mvua yanateleza. Chukua yenye mistari."

"Mkwe wangu, unasemaje?"

"Anasema kweli," nikajibu. Na kweli alikuwa anasema kweli. Mtu yule alikuwa anayajua matairi.

La mbele lilichaguliwa bila taabu. Nililigeuza, nikasoma tarakimu nne za pembeni zinazotaja juma na mwaka lilipotengenezwa. Ni la mwaka huu. Nikalibonyeza kwa dole gumba, likanirudishia nguvu. Nikatazama ndani ya mfereji, nikaviona vile vinundu vidogo ambavyo kiwanda huviacha vikuonyeshe tairi likiisha. Vilikuwepo vyote.

"Hili zuri," nikasema, na moyo ukaanza kutulia.

Kwa la nyuma, mwenye duka alileta mawili. Moja lilikuwa la kawaida, limechujuka kwa kukaa dirishani. La pili lilikuwa linameta. Mzee akalipapasa, na uso wake ukakunjuka.

"Hili ndilo," alisema. "Ona nywele zake. Hili halijaguswa na mtu."

Nililipokea. Sikuhitaji kulibonyeza. Niliviona vinywele vimekaa shaghalabaghala, viwili hapa, kimoja kule, namna nilivyokuwa nikivitawanya makusudi ili visifanane na kazi ya mtu. Niliona mfereji ulivyolalia kushoto, maana mimi ni mashoto, na kisu changu hulala upande huo nitake nisitake. Vinundu vya kiwanda havikuwepo hata kimoja. Nilivikata mwenyewe.

Nilikuwa nimeshika kazi yangu.

Nitawaambia na aibu yangu yote, maana nimeahidi kusema kweli katika gazeti hili. Kabla ya hofu, kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa fahari. Nilisema moyoni, mzuri huyu jamaa.

Hofu ikafuata kwa miguu yake yote.

"Baba, hili la nyuma tutafute jingine."

"Kwa nini?"

"Hili... mistari yake siipendi."

"Mistari ndiyo hii tuliyoambiwa ya lami. Wewe mwenyewe umesema ni kweli."

"Hata rangi yake."

Mzee akavua miwani. "Rangi? Mkwe wangu, unachagua tairi au shati la harusi?"

Mwenye duka akacheka kwa heshima, mkono mdomoni. Mzee akaomba maji aoshe miwani, akaelekezwa kwenye bomba nje ya mlango wa nyuma. Alipotoka tu, yule bwana aliinamia kaunta.

"Kinyozi. Ulipotea bila kuaga."

"Nakuomba. Huyu ni baba wa mke wangu. Lete jingine."

"Nilete jingine nimwambie nini? Mzee amelipenda. Hata mimi nililipenda, ndiyo maana limebaki mpaka leo. Halafu we bwana huna haya, unakuja kukataa mtoto wako mwenyewe dukani kwangu?"

"Kijana wake alikatika mguu kwa tairi la namna hii."

Hilo lilimgusa, nilimwona. Alizungusha kalamu vidoleni. Kisha akatazama vigae vyake, vioo vyake, kitabu chake cha risiti.

"Basi mwambie," alisema taratibu. "Mwambie limechongwa. Akikuuliza umejuaje, mimi nitakuwepo hapa nimsaidie kuelewa. Ukinisitiri nitakusitiri, Kinyozi. Ukinivua nguo, tutaoga wote."

Mzee akarudi na miwani inang'aa.

"Haya, mmeafikiana?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kwangu. Neno moja tu lingetosha, limechongwa. Nilifungua kinywa. Nikamwona mzee na koti lake la mazishi, nikaliona gunia juu ya msumari, nikamwona mke wangu akifunga mizigo yake kurudi kwao.

"Chukua hilo, baba," nikasema. "Ni zuri."

*

Yalifungwa palepale. Mafundi wa duka waliweka tyubu, wakajaza upepo, wakageuza mshale wa pembeni utazame mbele kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimesimama nimejikaza kisabuni, nikiomba fundi mmoja aone, aseme, aniokoe. Hawakuona. Nilikuwa nimechonga vizuri mno.

Nilidhani mzee atarudi kwa miguu. Akapanda nyuma yangu.

"Twende," alisema. "Nataka niyajaribu mwenyewe kabla ya binti yangu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Siku ile ilikuwa ndefu. Niliendesha mguu mmoja karibu na ardhi. Kila kokoto niliizunguka. Kila lori lililotokea mbele nilikaa pembeni mpaka lipite. Mama mmoja mwenye baiskeli na gunia la mkaa alitupita, akageuka kututazama kwa huruma.

"Mbona unaendesha kama umebeba mayai?" mzee aliniuliza.

"Matairi mapya, baba. Yanataka kuzoea."

"Hiyo ndiyo adabu. Kijana wangu angekuwa na woga wako, angekuwa na miguu yake."

Jasho lilikuwa limenishuka mpaka kwenye soksi, na mikono yake mizee ilikuwa imenishika kiunoni kwa kuniamini.

Tulifika salama, na kufika salama kukazidi kunitia taabu. Mke wangu alikuwa ametoka kazini, amekuja moja kwa moja kwa wazazi wake aione pikipiki. Bado alikuwa na chaki kwenye mikono ya gauni. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake, magongo yameegemea ukutani.

Mke wangu aliizunguka mara mbili. "Imekuwa kijana," alisema. "Kesho nitafika kabla ya kengele. Mwalimu mkuu atadhani saa yake imeharibika."

Shemeji akajivuta kwa gongo moja mpaka kwenye gurudumu la nyuma. Aliinama kwa shida, akagusa vinywele kwa ncha ya kidole. Alitabasamu, lakini si tabasamu lake la siku zote.

"Lina nywele," alisema. "Hata la kwangu lilikuwa nazo. Nilimwambia muuzaji, hili kweli jipya, halijanyolewa."

Naapa sikuwahi kulijua hilo. Kwa miezi minane nilijihukumu bila ushahidi, sasa nikaupata. Mjini pale, nilivyoamini mimi, mwenye kuotesha nywele alikuwa mmoja.

"Shemeji, umegeuka rangi," aliniambia.

"Jua."

"Jua limeshaanza kushuka."

Mke wangu hakuwa anatusikia. Alikwishapanda nyuma, amekusanya gauni lake, anapiga kiti kwa kiganja. "Njoo unizungushe. Mpaka kwenye lami na kurudi, tu. Nione upepo."

Nikaenda. Nawaambia niliweka ufunguo, nikawasha mpaka injini. Nilikaa mbele yake, mikono yake ikanizunguka palepale ambapo dakika chache kabla ilikuwa ya baba yake, na kidevu chake akakiweka begani kwangu.

"Twende taratibu lakini," aliniambia sikioni. "Nina woga kidogo. Usimwambie kaka."

Nikazima injini.

"Shuka," nikasema.

"Nini tena?"

"Shuka, mke wangu. Nakuomba ushuke."

Alishuka. Nikashuka na mimi. Nikachuchumaa kwenye gurudumu, nikashika kinywele kimoja nikakivuta. Kilitoka chote pamoja na kitone cha gundi chini yake, kidogo kama yai la chawa. Nikamwekea baba mkwe kiganjani.

"Limechongwa, baba."

Mzee alikisogeza kile kinywele karibu na miwani, akakigeuza kwa kucha. Kisha akainama mwenyewe akavuta cha pili, na cha tatu.

"Ulijua tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu dukani."

"Dukani. Na ukaniambia ni zuri."

"Ndiyo."

"Na ukanipakia."

"Nilikupakia polepole, baba."

Shemeji alitoa sauti ambayo siku nyingine ingekuwa kicheko. Mke wangu alikuwa amejishika mdomo.

"Kwa nini?" mzee aliuliza, na hakuwa na hasira, jambo ambalo lilinitisha zaidi. "Muuzaji yule ni ndugu yako? Amekupa kitu?"

"Niliogopa ungeniuliza nimejuaje."

"Basi nakuuliza. Umejuaje?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo sikuwa tayari kufa siku ile, nikatoa nusu ya kweli. "Nikiziba pancha niliwahi kuwaona wachongaji wakifanya kazi. Nikajifunza kuitambua."

Mzee aligeuka. Aliingia karakana. Tulisikia akivuta benchi, na nikajua anafuata nini kabla hajatoka nacho.

Alitoka na gunia.

"Kama unaitambua kazi yao," alisema, "basi nisomee na hii. Miezi minane mimi nimesoma nikafika mwisho wa elimu yangu. Najua mbao, mpira siujui. Niambie ni mtu wa namna gani."

"Baba, leo tumechoka."

"Mwache, baba," mke wangu alisema. "Humwoni alivyochoka?"

"Asome," alisema shemeji. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake. "Mimi ndiye mwenye mguu. Nataka asome."

Mzee akafungua fundo. Kamba ilikuwa imekauka, ikamchukua muda. Akakitoa kipande cha tairi, chenye urefu wa mkono mmoja, upande mmoja kimechanika, bado kina vumbi la barabara ile. Akaniwekea mapajani.

Nilifumba macho nikakipapasa kwanza, kama mtu anayemtambua maiti wake kwa kugusa. Niliutafuta ukingo wa mfereji. Niliutafuta mahali unapolalia.

Ulilalia kulia.

Nikafumbua macho. Nikakigeuza, nikaufuata mshale wa pembeni nihakikishe sikukishika kichwa chini. Nikapapasa tena. Ulilalia kulia, wote, mfereji hadi mfereji. Kisu kile kilishikwa na mkono wa kulia.

Nikatafuta vinywele. Vilikuwa vimebaki saba au vinane pembeni, vimepandwa kwa mstari, vimeachana sawasawa utadhani vilipimwa kwa rula. Nikatazama chini ya mfereji, nikaona nyuzi. Mchongaji alikata mpaka kwenye nyuzi za tairi, mahali ambapo hata sisi wezi tulikuwa tukionyana tusifike.

Si mimi.

Sijui niwaelezeje. Fikiria umelala na maiti chumbani miezi minane, unakula nayo, unaisalimu asubuhi, kisha mtu anakuja anawasha taa na kumbe ni nguo juu ya kiti. Machozi yalinitoka, na kicheko kikatoka pamoja nayo. Nilikishika kile kipande kwa mikono miwili nikakiinua juu nao wakione.

"Ona, baba. Huyu ni mtu wa mkono wa kulia. Halafu mroho, amekata mpaka nyuzi. Na hizi nywele, nani anapanda nywele kwa mstari kama mahindi? Nywele zinatawanywa." Nikamgeukia shemeji. "Si mimi, shemeji. Wallahi si mimi. Huu si mkono wangu."

Niliyasema hayo nikicheka. Nilitazama uso hadi uso nikingoja mtu afurahi na mimi.

Shemeji alikuwa ameacha kutikisa mguu wake mzima. Baba mkwe alivua miwani pole pole, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti la mazishi. Ndipo nikayasikia maneno yangu, moja baada ya jingine, yakinirudia.

"Nilimaanisha..." nikaanza.

"Nyamaza," alisema baba mkwe, kwa upole uleule.

Mke wangu hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama mikono yangu, na kile kipande nilichokuwa nimekishika kwa wa kushoto. Ndio mkono ninaokula nao, ninaoandika nao, niliomvisha nao pete watu wote wakacheka. Alikiondoa kipande mkononi mwangu taratibu, namna anavyowanyang'anya watoto wake wa chekechea kitu cha hatari. Akaenda nacho mpaka kwenye pikipiki.

Alichuchumaa. Akakilaza kipande kile ubavuni mwa gurudumu la nyuma, cha zamani kando ya lile jipya. Akapitisha kidole kwenye mfereji mmoja, kisha kwenye mwingine. Akarudia. Binti wa seremala yule, amekulia kwenye maranda.

Aliona. Nilijua ameona kwa namna mgongo wake ulivyosimama.

"Kaka alianguka kwa mtu wa mkono wa kulia," alisema bila kugeuka. "Tumekusikia, na nimeamini."

Akaweka kiganja juu ya vinywele vile vilivyotawanyika, viwili hapa, kimoja kule.

"Na hili ulilonipandisha mimi leo, mume wangu. Huu ni mkono wa nani?"